Ukuta wa ushuru wa Marekani na Ulaya ndio umetushushia bei ya sola, au tunajidanganya?

#1 Kasa Mweusi
Wakuu, salaam. Nina dai hapa, mnivunje kwa hoja sio kwa matusi.

Mwanzoni mwa 2023 paneli ikiwa bado bandarini China ilikuwa inakwenda senti 22 za dola kwa wati, na zaidi. Kufika mwisho wa 2024 ikawa inazungukia senti 10. Katika kipindi hichohicho Marekani ikapandisha ushuru wa seli za sola za Mchina hadi asilimia 50 (hiyo ni Biden, 2024, kabla Trump hajarudi). Aprili 2025 wakazigeukia Vietnam, Thailand, Malaysia na Cambodia, ambako viwanda vya Wachina vilikuwa vimehamia kukwepa rungu. Cambodia ilipigwa hadi asilimia 3,521. Sijakosea tarakimu.

Sasa mzigo uliokuwa uende California unaenda wapi? Unakuja kwetu. Hii vita ya wakubwa ni neema kwa mtu wa Tandahimba na mtu wa Turkana. Wao wanajinyima jua, sisi tunaezeka. Nani anapinga?

#2 Chura Kiziwi
Siti ya mbele. Wajuvi waje.

#3 Mama Kontena
Napinga mimi, na ninauza hizo paneli Kariakoo.

Bei ilianza kuporomoka 2023, kabla ya hizo asilimia 50 na kabla ya hiyo Cambodia yako. Na Marekani haikumfungia Mchina jana. Ushuru wa kwanza dhidi ya paneli zake ni wa 2012. Mwaka 2018 Trump akaongeza asilimia 30 kwa paneli za karibu nchi zote. Juni 2022 ikaanza kutumika sheria inayozuia bidhaa za Xinjiang, jimbo la magharibi mwa China, kwa sababu ya madai ya kazi za kulazimishwa, na malighafi nyingi ya sola ilikuwa inatoka hukohuko. Kwa hiyo mzigo wa kwenda California moja kwa moja kutoka China ulishakauka zamani.

Kilichoshusha bei ni Wachina kuchinjana wenyewe kwa wenyewe. Kila mkoa ulitaka kiwanda, kila benki ikakopesha. Hata LONGi, jitu lote lile la kutengeneza paneli, lilifunga 2024 kwa hasara. Mimi nimeliona kwenye WeChat: 2022 ukiomba bei ya kontena moja unajibiwa kesho yake, tena kwa mkato. 2024 wanakupigia video wao, saa sita za usiku kwao, wanakuuliza watoto hawajambo.

#4 Kasa Mweusi
Mama Kontena, shikamoo. Sasa hivyo viwanda vilijengwa vimuuzie nani? Si walihesabu soko la dunia nzima? Ukifungiwa mlango mmoja mzigo unabaki ghalani. Umekubaliana na mimi bila kujua.

#5 Mama Kontena
Marahaba. Sijakubaliana. Mnunuzi mkubwa wa paneli za China ni China yenyewe. Wanafunga kwao nyingi kuliko wanazouza nje.

#6 Msukule wa Takwimu
Mods rekebisheni kichwa cha uzi. Ulaya HAIJAWEKA ukuta kwenye sola. Waliuweka 2013, wakauondoa Septemba 2018, na tangu hapo paneli za China zinaingia Rotterdam kama kawaida. Walichowekea ushuru Oktoba 2024 ni magari ya umeme: BYD asilimia 17, Geely 18.8, SAIC 35.3, juu ya ile asilimia 10 iliyokuwepo.

Pili. Taasisi ya utafiti wa nishati ya Ember ilitoa hesabu Agosti 2025: Afrika iliagiza gigawati 15 za paneli kutoka China ndani ya miezi 12 hadi Juni 2025, ongezeko la asilimia 60. Inasisimua, ndiyo. Lakini China inauza nje zaidi ya gigawati 200 kwa mwaka. Pakistan peke yake 2024 iliagiza 17. Bara zima limeshindwa na Pakistan, halafu tunasema sisi ndio jalala la mzigo wa Marekani?

#7 Kibwana wa Mto
Hapo kwa Pakistan umegusa penyewe, ila hujasema kwa nini. Russia ilipoivamia Ukraine 2022, Ulaya ikakosa gesi ya bomba, ikaingia sokoni kununua gesi ya meli kwa bei yoyote. Meli zilizokuwa ziende Karachi zikageuzwa. Pakistan ikabaki na umeme wa mgawo na bili za kuua. Wenye nyumba, wenye pampu za maji mashambani, wenye viwanda vya nguo, wote wakakimbilia juu ya paa.

Kwa hiyo mgogoro uliosukuma sola ni wa gesi na risasi, wa ushuru umekuja nyuma. Ethiopia hali kadhalika: Januari 2024 ilitangaza kupiga marufuku kuingiza magari binafsi ya mafuta. Haikuwa mapenzi ya mazingira. Dola za kununulia mafuta zilikuwa hazipo, na umeme wa maji wanao.

#8 Chura Kiziwi
Kibwana leo umekunywa nini? Point tupu.

#9 Ankali wa Thika
Wadau, nikiwa upande wa huku Kenya naona nyote mmesahau shilingi. Januari 2024 dola moja ilikuwa shilingi 160. Baadaye ikarudi 129 na ikakaa hapo. Hiyo pekee imepunguza karibu moja ya tano ya bei, Mchina akiwa hajashusha hata senti. Watu wakasema sola imekuwa rahisi. Sola ama dola?

Halafu kodi. Ukuta mrefu zaidi niliowahi kuupanda haukujengwa Washington. Mwaka 2020 bunge letu liliondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola, 2021 ukarudishwa. Mwaka huo mmoja nilikuwa nafungia watu pampu za visima huko Gatanga, na wateja walinihama kama nimewaibia. Trump hakuwa na habari na sisi.

#10 Mama Kontena
Ankali umenena. Na kwetu ilikuwa kinyume: 2024 Mchina anashusha bei, shilingi yetu nayo inavuka 2,700 kwa dola. Mteja anakuja na habari za mtandaoni kwamba sola imeshuka nusu, mimi nimeshikilia invoisi ya dola. Ugomvi kila siku.

Ila tuseme ukweli, paneli yenyewe kwenye ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki ni asilimia sifuri. Kinachokuumiza ni vinavyoizunguka: betri, inveta, nyaya, fremu za kufungia, na ubishi wa pale forodhani kama hiyo betri ni ya sola au ya kitu kingine. Ubishi huo unalipiwa, maana kontena likikaa bandarini linahesabiwa siku.

#11 Fundi Tepu
Na feki je? Mbona hamzitaji? Bei ikishuka na stika zinaongezeka wati. Nimeitwa Mbagala, mteja ana paneli sita zimeandikwa 550, pampu haigeuki hata saa saba mchana. Nikatoa tepu. Paneli ya kweli ya wati 550 inakaribia mita 2.28 kwa 1.13, na uzito wake kilo 28 hivi, mtu mmoja akiibeba kupanda ngazi utamuona anavyohema. Zile nilizinyanyua moja kwa mkono mmoja.

Njia rahisi: zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha zidisha kwa 215. Jibu ndilo wati unazoweza kutegemea kwa teknolojia ya sasa, ongeza au punguza kidogo. Ukiambiwa 550 na tepu inakupa 380, umenunua stika.

#12 Kasa Mweusi
Fundi, hiyo nayo imeletwa na jiopolitiki?

#13 Fundi Tepu
Imeletwa na binamu yako wa Gerezani.

#14 Mtoto wa Ng'ambo
Niko Minnesota. Mnaolia huko hamjui neema mliyonayo. Hapa paneli tupu inauzwa karibu mara tatu ya bei ya China. Nilipoulizia kufungiwa juu ya paa nikatajiwa zaidi ya dola 3 kwa wati, kazi yote: vibali, mafundi, ukaguzi, kamisheni ya muuzaji aliyekuja na tai. Na ile nafuu ya kodi ya asilimia 30 kwa mwenye nyumba ilikoma 31 Desemba 2025, kwa sheria aliyoisaini Trump Julai 4. Jirani yangu alikimbizana nayo Novemba nzima. Mimi nimeachana nayo.

Kwa hiyo Kasa yuko sahihi kwenye nusu moja: ukuta umewaumiza walioujenga. Kama umetunufaisha sisi, hiyo nusu nyingine sijaiona ushahidi wake.

#15 Msukule wa Takwimu
Ongeza hapo: katika hizo dola 3 paneli ni kama senti 30. Hata ukuta ukivunjwa leo, paa lako halishuki sana. Kazi ya binadamu na makaratasi ndiyo iliyokula.

#16 Mkolwezi
Bonjour bandugu. Nasoma tangu juu, munasema sola, sola. Betri je? Siye huku Kolwezi, muji wa migodi wa Kongo, hii vita tuko ndani yake, si watazamaji.

Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilifunga kutoa kobalti nje, miezi ine. Bei ya dunia ilikuwa imeanguka chini kabisa, mwenye kuuza sana alikuwa siye wenyewe. Ikaongeza miezi tatu. Oktoba 16 ikaleta kota: tani 96,600 kwa mwaka, 2026 na 2027. Kongo inatoa kama asilimia 70 na zaidi ya kobalti ya dunia. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili mbele ya mwaka kuisha.

Sasa nani alikula? Kobalti inatoka pamoja na shaba. Kampuni kubwa ziliendelea na shaba yao, shaba haikufungwa, kobalti wakarundika. Mwenye kuchimba kwa mikono hana ghala, hana shaba ya kumushikilia. Yeye anauza leo ili ale leo. Mulango ukifungwa Kinshasa, kwake ni njaa siku hiyo hiyo.

#17 Kasa Mweusi
Mkolwezi heshima kwako kaka. Lakini si ndivyo inavyotakiwa? Mwenye mali apange bei. Tumelalamika miaka kwamba tunatoa udongo tunaletewa betri.

#18 Kibwana wa Mto
Tatizo ukimbana mteja anatafuta njia nyingine. Betri za LFP hazina kobalti hata chembe, wala nikeli. Ni chuma na fosfeti. 2024 zilikuwa karibu nusu ya betri zote za magari ya umeme duniani, na betri za nyumbani anazouza Mama Kontena nadhani ni hizo tupu. Kongo ikibana sana inawaharakisha.

#19 Mama Kontena
Ni hizo tupu. Mteja akiniuliza kobalti nitamwambia aende Kolwezi.

#20 Mkolwezi
Kibwana, ni kweli, lakini LFP haikuanza juu ya kota yetu. Wachina walikwenda huko mbele, sababu ni rahisi na haiwaki moto ovyo. Hata tungewapa bure wangekwenda. Basi bora tuuze kidogo kwa bei. Huo ndio mawazo ya wakubwa wetu. Mimi sina jibu, mimi niko na garage ya camions, malori.

#21 Binti Ngara
Natoka huko ambako mmeahidiwa nikeli, Kabanga. Nimekua nikisikia mgodi unaanza mwakani. Ukitaka kujua kwa nini hauanzi usiangalie Dodoma pekee, angalia Indonesia.

Januari 2020 Indonesia ilizuia kuuza nje mchanga wa nikeli, ikasema anayetaka aje ayeyushe hapa. Ulaya ikaishtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani, ikashinda Novemba 2022. Indonesia ikakata rufaa kwenye chombo ambacho hakina majaji wa kutosha tangu Desemba 2019, kwa sababu Marekani inazuia uteuzi. Kesi ikaishia hewani hadi leo. Kampuni za China zikamiminika Sulawesi na Halmahera, zikajenga vinu, zikafurika dunia kwa nikeli. Bei ikaanguka. Kampuni kubwa ya madini ya BHP ikafunga kwa muda migodi yake ya nikeli Australia mwaka 2024, na mwaka uliofuata ikauza hisa zake za Kabanga kwa mshirika wake Lifezone, ikaondoka.

Yaani marufuku ya nchi moja ya huko mashariki imechelewesha ajira Ngara. Nyumba za watu waliofanyiwa tathmini ya kupisha mgodi naziona kila nikienda nyumbani, mtu anaogopa kupiga hata lipu.

#22 Fundi Tepu
Duh. Hii sikuijua kabisa.

#23 Kipusa Ulanga
Dada Ngara, sisi wa Mahenge ni madini ya kinywe (grafiti). Kinywe ndiyo inayojaza upande mmoja wa karibu kila betri ya lithiamu, hiyo LFP ikiwemo, kwa hiyo hapa hakuna cha kukwepa. China inachakata zaidi ya asilimia 90 ya ile ya kiwango cha betri. Desemba 2023 ikaweka vibali vya kuuza nje. Julai 2025 Marekani nayo ikapendekeza ushuru wa asilimia 93.5 kwa kinywe ya China. Kila wakigombana, mradi wetu unaonekana mtamu kwenye magazeti ya fedha, Wakorea wa POSCO wakaingia kwa sababu wanataka isiyotoka China.

Lakini mnunuzi anayekuja kwa sababu ya ugomvi, wakipatana je? Oktoba 30, 2025 Trump na Xi walikutana Busan, wakaahirisha mengi kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja! Mgodi unajengwa kwa mkopo wa miaka mingi.

#24 Msukule wa Takwimu
Hapo ndipo penye uzi wenyewe. Tunabishana ushuru juu au chini, kumbe kinachoua uwekezaji ni kutojua kesho ushuru utakuwa ngapi.

#25 Ankali wa Thika
Sikubali hivyo vyepesi. Mchina amejenga vinu vyake kwenye kutojua hukohuko. Tofauti ni benki iliyo nyuma yake.

#26 Chura Kiziwi
Jamani na makinikia? Sisi si tulizuia mchanga wa dhahabu na shaba kwenda nje 2017? Mbona Indonesia wamepata vinu na sisi tukapata kesi?

#27 Binti Ngara
Chura, Indonesia inatoa zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia. Sisi kwenye dhahabu na shaba tunatoa kiasi gani? Ukitishia kufunga duka, hakikisha mtaani hakuna duka jingine.

#28 Kasa Mweusi
Binti umeniweka kona. Lakini Zimbabwe nayo Desemba 2022 ilizuia mawe ghafi ya lithiamu, na Wachina wamejenga mitambo ya kuchakata pale. Zimbabwe si Indonesia.

#29 Kibwana wa Mto
Wamejenga ya hatua ya kwanza, ya kuongeza ubora wa mawe. Hatua ya kemikali za betri bado nyingi iko China. Ni hatua, sikatai.

#30 Mkolwezi
Na barabara munasahau. Shaba na kobalti yetu inapita Kasumbalesa, mpaka wa Zambia, camions zinapanga foleni kilometa na kilometa, dereva analala chini ya gari. Sasa Waamerika wanasukuma reli ya Lobito kwenda Atlantiki, Biden alikwenda Angola Desemba 2024 juu ya hiyo. Wachina nao wamechukua TAZARA. Kila mukubwa na reli yake. Siye tunasema wazijenge zote mbili, watagombana mbele.

#31 Mtoto wa Ng'ambo
TAZARA ni makubaliano ya Septemba 2025, dola bilioni 1.4, kampuni ya China ya CCECC imepewa mkataba wa miaka 30. Babu yangu alikuwa kibarua kwenye ujenzi ule wa kwanza, Mlimba. Alikuwa anahesabu mpaka kumi kwa Kichina hadi anafariki.

#32 Fundi Tepu
Tumetoka kwenye sola tumefika Mlimba. Mimi nina mteja anauliza anunue sasa au asubiri. Nimjibu nini? Acheni siasa.

#33 Mama Kontena
Mwambie anunue sasa. Serikali ya China ilikuwa inawarudishia viwanda vyake vinavyouza nje VAT asilimia 13. Desemba 2024 wakapunguza hadi 9. Januari 2026 wametangaza kuifuta kabisa kwa paneli kuanzia 1 Aprili 2026. Betri zinashuka hadi 6 tarehe hiyohiyo, na 2027 inakuwa sifuri. Kwa paneli ya dola 55 hiyo ni kama dola 5, ikiwa kiwanda kitakusukumia yote. Wale waliokuwa wananiuliza watoto hawajambo wameanza tena kujibu kesho yake.

Nauli ya meli inaumiza kidogo kuliko watu wanavyodhani. Tangu Wahouthi wa Yemen waanze kupiga meli Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, watu wanaisingizia kwa kila kitu. Kontena la futi 40 linabeba paneli 620 za 550. Nauli ikipanda dola 1,000, kila paneli imeongezeka dola 1.60 tu. Na meli ya kutoka Ningbo kuja Dar haipiti Bahari ya Shamu hata siku moja. Walichofanya Wahouthi ni kuzifanya meli za kwenda Ulaya zizunguke Rasi ya Tumaini Jema, zikawa adimu, nauli ikapanda kote.

#34 Kasa Mweusi
Kwa hiyo Beijing yenyewe inapandisha bei kwa makusudi, ili wasilaumiwe kwamba wanamwaga bidhaa. Si ni kwa sababu ya presha ya Marekani na Ulaya? Mnaona? Narudi kwenye dai langu, sema sasa neema imegeuka.

#35 Mama Kontena
Au ni kwa sababu viwanda vyao vinakufa na serikali imechoka kumlipia ruzuku mteja wa Kariakoo. Chagua mwenyewe.

#36 Ankali wa Thika
Ama zote mbili. Na bajeti ya Juni hamjaiona bado.

#37 Mjukuu wa Masasi
Habari zenu, mgeni kwenye uzi. Mama Kontena, nahitaji paneli 40 za 550 na betri mbili za kilowati-saa 5, mzigo ufike Masasi kabla ya Aprili. Betri zile zenye stika ya herufi za kijani unazijua? Kuna mtu kanipa bei nzuri mno mpaka naogopa.

#38 Fundi Tepu
Usilipe. Mwambie akupigie picha ikiwa juu ya mizani. Betri ya LFP ya ukubwa huo ikiwa chini ya kilo 35 ndani yake kuna hewa.